Historia ya Sentimita 30

Mtoto aliyezaliwa Nyeri leo asubuhi hauoni Mlima Kenya. Mawingu yanaweza kuwa yameondoka, dirisha la wodi linaweza kuwa linaangalia huko huko, na barafu ya Batian inaweza kuwa inang'aa kama kioo. Kwake ni bure. Macho yake yanapata mwanga, giza na maumbo makubwa yaliyofifia. Kitu anachoweza kukiona kwa uwazi kidogo ni kile kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni mwake, yaani urefu wa ile rula ya plastiki tuliyokuwa tunabeba praimari. Kibao ambacho mtu mzima anakisoma akiwa mita 120, huyu angehitaji kusogezwa hadi mita 6 ili akione vivyo hivyo.

Inachekesha kidogo, kwa sababu huku ni mahali pa kutazama mbali. Wazee wa Agikuyu walisali wakiwa wameelekea Kirinyaga. Jomo Kenyatta alipoandika kitabu kuhusu watu wake, kikachapishwa London mwaka 1938, alikiita Facing Mount Kenya, maana yake kuuelekea Mlima Kenya. Walowezi nao mwaka 1932 walijenga Treetops juu ya mti kule Aberdare, ili wageni waketi usiku kucha wakiangalia ndovu na vifaru wakija kunywa maji. Februari 1952 Elizabeth alipanda pale akiwa binti wa mfalme na akashuka akiwa malkia. Mpaka leo mtalii akishuka Nanyuki, kitu cha kwanza ni kuinua simu juu, atafute kilele.

Lakini kila mtu aliyezaliwa kwenye miteremko hii, awe Dedan Kimathi wa Tetu, Wangari Maathai wa Ihithe au Mwai Kibaki wa Othaya, alianza maisha na mandhari ya rula moja. Historia ya hapa tumezoea kuisimulia kwa mashamba, misitu na bunduki. Hebu tujaribu kuisimulia kwa hizo sentimita 30: nani alikuwa ndani yake, alikuwa anafanya nini, na nani alimtoa hapo.

Siku 4, siku 5

Kabla ya hospitali, mtoto wa Kikuyu alizaliwa ndani ya nyumba ya mama yake. Majirani walijua kwa vigelegele: vitano kama ni mvulana, vitatu kama ni msichana. Baba alienda shambani kukata miwa, mitano kwa mvulana, minne kwa msichana. Halafu mama na mtoto wakabaki ndani, siku 5 kama ni mvulana na siku 4 kama ni msichana, na walioruhusiwa kuingia walikuwa wanawake wa karibu tu. Siku hizo nyumba haikufagiliwa, wala moto haukutolewa nyumba moja kupelekwa nyingine.

Leo ukisimuliwa haya unasikia mwiko, basi. Sasa yaangalie kutoka pale mtoto alipolala. Nyumba ya mama ilikuwa ya duara, haina madirisha, na katikati kulikuwa na mafiga matatu na moto. Mwanga mkali humfanya mtoto mchanga afumbe macho, lakini kwenye mwanga hafifu huyafungua na kutazama. Kwa hivyo siku zake za kwanza zilikuwa hivi: giza kiasi, moto upande mmoja, na uso wa mama ukiwa na nusu ya mwanga na nusu ya kivuli. Halafu nyuso nyingine chache, zile zile, zikiinama na kurudi. Hakuna wageni 20 wa kupiga picha.

Sisemi kwamba wazee walikuwa na nadharia ya macho. Walikuwa na sababu zao za kidini na za usalama, na hazikuhusiana na mboni wala retina. Ila mpangilio wao ulimpa mtoto kitu ambacho macho yake yangeweza kukitumia.

Kenyatta mwenyewe aliandika kwamba elimu ya Mgikuyu inaanza mtoto anapozaliwa, na akaeleza jinsi nyimbo za kubembeleza zilivyobeba historia ya familia na ukoo. Huko alikuwa anazungumzia masikio. Kuhusu macho, inabidi tuangalie vitu vyenyewe vilivyokuwa karibu na mtoto.

Hapo wanatusaidia mume na mke Waingereza, Scoresby na Katherine Routledge, walioishi upande wa Nyeri mwanzoni mwa karne ya 20 na kuchapisha kitabu kikubwa kuhusu Wakikuyu mwaka 1910. Katherine aliingia kwenye nyumba za wanawake, mahali ambapo wanaume wa Kizungu hawakufika kirahisi. Katika kumbukumbu za enzi hiyo tunamwona mwanamke aliyeolewa: kichwa kimenyolewa, na masikioni ananing'iniza hang'i, zile pete kubwa za shanga zilizofungwa pamoja kwa mafungu. Sasa fikiria mama huyo ameinama kunyonyesha. Uso usio na nywele za kuuvuruga umbo lake. Macho mawili, mdomo mmoja. Na kila upande, duara za shanga zinayumba polepole kila anapogeuka. Ukienda leo kwenye duka la vitu vya watoto ukanunua kile kifaa cha kuning'iniza juu ya kitanda, chenye vijiduara vinavyozunguka, umenunua hang'i bila mama.

Kisanduku cha Fantz

Kwa nini duara, na kwa nini uso? Jibu lilianza kupatikana mbali sana na hapa, Cleveland, Marekani, kwa mwanasaikolojia aliyeitwa Robert Fantz. Wakati huo watu wengi, wakiwemo madaktari, waliamini mtoto mchanga haoni chochote cha maana. Fantz hakuweza kumuuliza mtoto, kwa hivyo akatengeneza kisanduku. Mtoto analazwa chali, juu yake panawekwa picha, na mtafiti anachungulia kwenye tundu dogo aone ni picha gani inayojionyesha kwenye mboni ya mtoto, na kwa muda gani.

Mwaka 1963 alichapisha matokeo kwenye jarida la Science. Watoto wa chini ya siku 5 walitazama michoro ya rangi nyeusi na nyeupe kwa muda mrefu kuliko vibao vya rangi tupu. Michoro hiyo ilikuwa na umbo la uso, duara ndani ya duara, na kipande cha maandishi ya gazeti. Chini ya siku 5. Zile zile siku ambazo mama wa Kikuyu alikuwa amefungiwa ndani na mtoto wake na moto wake.

Tangu hapo tumejua mengi zaidi. Mtoto mchanga hutafuta kingo, pale kitu cheusi kinapokutana na cheupe, kwa sababu retina yake bado ni changa na rangi hafifu zinampita. Kwenye miezi 2 anaanza kutofautisha nyekundu na kijani vizuri. Kwenye miezi 3 hivi anafuata kwa macho kitu kinachopita mbele yake. Kwenye miezi 5 anaanza kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, na mkono unaanza kukifikia. Hayo yote hayaji peke yake kama meno. Ubongo unajifunza kuona kwa kuona. Zile kadi nyeusi na nyeupe ambazo sasa mama wa Nyeri anaziagiza kwa simu na kuletewa na mtu wa boda zinatoka moja kwa moja kwenye kisanduku cha Fantz.

Ngoi na mureri

Mtoto hakukaa ndani milele. Mama alirudi shambani, na mtoto akafungwa mgongoni kwa ngoi, ile ngozi ya kubebea. Mgongoni rula inakuwa na mambo mengine: shingo ya mama, hang'i zikicheza, jani la ndizi likipita. Mtoto akisimamishwa wima, ambaye hajalala na hajalia, anatazama zaidi kuliko aliyelazwa. Mgongo wa mama ulikuwa mahali pazuri pa kujifunzia kuangalia.

Halafu kulikuwa na mureri, mlezi. Mara nyingi alikuwa msichana mdogo, dada au binamu, aliyebaki nyumbani na mtoto mama akiwa shambani. Huyu alikuwa na kitu ambacho mama mwenye jembe hakuwa nacho, nacho ni muda wa upuuzi. Kutoa ulimi. Kujificha nyuma ya mikono na kutokea tena. Kutikisa kibuyu chenye mbegu kutoka kushoto kwenda kulia ili mtoto ageuze kichwa. Kila mtu aliyekulia Karatina, Kerugoya au Chuka anaijua michezo hii kwa sababu alifanyiwa, ingawa hakuna anayekumbuka.

Watafiti Herbert na Gloria Leiderman walikuja kuchunguza watoto wachanga katika kijiji cha Wakikuyu si mbali na Nairobi, na mwaka 1974 wakaandika kuhusu malezi ya mama zaidi ya mmoja, yaani mama mzazi na mlezi mwingine wakigawana siku. Saikolojia ya Magharibi wakati huo ilikuwa inaongea kana kwamba ulimwenguni kuna mama mmoja, mtoto mmoja, chumba kimoja. Huku walikuta nyuso mbili, tatu, nne, zinazopokezana.

Na kabla hatujaanza kujisifu kwamba wazee walikuwa wataalamu wa kuchezea watoto, kuna somo kutoka Kisii. Miaka ya 1970 Robert LeVine na wenzake waliona akina mama Wagusii wakifanya kinyume cha ushauri wa vitabu vya Ulaya: mtoto akianza kusisimka na kumkodolea mama macho, mama aliangalia pembeni. Lengo lake lilikuwa mtoto mtulivu. Watoto hao walikua, wakaona, wakasoma. Kwa hivyo mtoto hahitaji mzazi anayefanya shoo kutwa nzima. Anahitaji watu walio karibu, nyuso zinazorudi, na vitu vya kuangalia. Nani atampa, hiyo kila jamii imejipangia. Shida inaanza pale mtu wa nje anapoingia na kuwaondoa wote kwa pamoja.

Mikono ya mama

Oktoba 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowataka maofisa wa serikali wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, na wanawake na watoto walihesabiwa ndani. Kuhimizwa na chifu aliyetumwa na serikali si kuombwa, unajua. Harry Thuku alipoanza kuhutubia mikutano mwaka 1921, kazi ya lazima ya wanawake na wasichana ilikuwa mojawapo ya malalamiko yake makubwa. Alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi ukapigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewakejeli wanaume kwa woga wao, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Tunamkumbuka kwa ujasiri wake, na ni sawa. Ila suala lililokuwa mezani lilikuwa pia hili: mwanamke akipelekwa kuchuma kahawa ya mtu mwingine, nani anabaki na mtoto?

Mwaka 1947 na 1948 wanawake wa Murang'a waligoma kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, kazi ya lazima iliyokuwa inawachukua asubuhi zao. Wakoloni waliandika kuhusu udongo. Wanawake walikuwa wanahesabu saa.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952, na kuanzia katikati ya 1954 vijiji vya lazima. Katika muda wa miezi kama 15, zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walitolewa kwenye maboma yao yaliyotawanyika vilimani, nyumba zao zikachomwa au kubomolewa, na wakasongamanishwa kwenye vijiji zaidi ya 800 vyenye ua wa miti iliyochongwa, mlinzi na kafyu. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Waliobaki walikuwa wanawake, wazee na watoto, na wanawake ndio walioitwa kazini kila siku: kujenga barabara, kufyeka vichaka, na kuchimba ule mtaro wa karibu kilomita 80 ukingoni mwa msitu, ili wapiganaji wasipate chakula.

Mtoto wa mwezi mmoja alikuwa wapi? Wengine walikuwa mgongoni mwa mama mtaroni, kwenye vumbi na jua kali. Wengine waliachwa kijijini na bibi mmoja aliyekuwa na wengine kumi wa kuangalia. Nyumba ya mama yenye moto wake, wanawake wa karibu wanaoingia kwa zamu, mureri mwenye muda wa upuuzi: mpango wote ulivunjwa kwa miaka kadhaa, na uliwavunjikia waliozaliwa wakati huo bila wao kujua. Waliozaliwa mwaka 1955 ndio wenye miaka 70 na ushee sasa. Ni cucu na guka zetu.

Katika hali hiyo ndipo vikaanzishwa vituo vya kulishia na kutunzia watoto katika vijiji vya Wakikuyu, Waembu na Wameru, kwa sababu mama zao walikuwa kwenye kazi ya lazima. Wanahistoria wa elimu ya chekechea Kenya wanavitaja vituo hivyo kama mojawapo ya mizizi ya nasari zetu. Nasari yenye kuta za rangi na picha za twiga pale mtaani kwako ina babu ambaye hakuzaliwa kwa furaha.

Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Mateso yaliyolipiwa ni yale ya miili ya watu wazima. Saa alizonyimwa mtoto wa kijijini hazina mahali pa kuingia katika hesabu kama hiyo.

Chai, shule na dada

Baada ya uhuru kazi ikawa ya mtu mwenyewe, na hilo lilibadilisha mengi. Kiwanda cha chai cha wakulima wadogo kilikuwa kimeshafunguliwa Ragati, juu ya Karatina, mwaka 1957, na chai ikapanda milima yote. Mama sasa anachuma yake. Lakini chai haingoji, lazima ichumwe mara kwa mara na ifike kituoni siku hiyo hiyo. Mtoto akaendelea kubebwa kwa leso kati ya mistari ya majani, au kubaki na dada yake.

Dada huyo naye akaanza kuondoka. Mwaka 1974 karo ilifutwa kwa darasa la kwanza hadi la nne. Januari 2003 Rais Kibaki, mbunge wa Othaya, akafanya elimu ya msingi kuwa bure, na zaidi ya watoto milioni moja wapya wakamiminika madarasani nchi nzima. Kati yao walikuwa wasichana ambao wangekuwa mureri. Hapa historia inauma pande mbili. Yule msichana alistahili shule. Malezi ya zamani yalisimama juu ya utoto wake, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Ila alipoondoka hakuna aliyewekwa mahali pake. Serikali ilijenga madarasa, haikufikiria nani sasa atatoa ulimi mbele ya mtoto saa nne asubuhi.

Ukipita soko la Karatina leo utaliona pengo hilo. Katikati ya nyanya na viazi kuna katoni, ndani ya katoni kuna mtoi amelazwa juu ya leso, anaangalia chini ya meza. Mama yuko pale pale, mita moja tu. Lakini mita moja ni rula tatu na zaidi.

Mtoto wa jicho

Kuna sababu ya kuharakisha. Katika miaka ile ile ya Fantz, David Hubel na Torsten Wiesel, wakiwa Harvard, walifunga jicho moja la paka mchanga kwa wiki kadhaa, kisha wakalifungua. Jicho lilikuwa zima, lakini paka hakuona nalo. Ubongo ulikuwa umeshagawa nafasi yake kwa jicho la pili. Kazi hiyo iliwapatia tuzo ya Nobel mwaka 1981, na ilitufundisha kwamba macho yana msimu wa kupandwa, kama mahindi. Ukipita, umepita.

Kwa Kiswahili ugonjwa wa lenzi kuwa na ukungu tunauita mtoto wa jicho, na watu hudhani ni wa wazee. Baadhi ya watoto huzaliwa nao. Ukiziba mwanga usifike ndani, mchezo wowote utakaocheza na mtoto hautasaidia, na upasuaji unatakiwa ufanyike mapema, katika wiki na miezi ya kwanza. Kitabu cha afya ya mama na mtoto unachopewa kliniki kina sehemu ya macho. Ukiona doa jeupe kwenye mboni, hata kama umeliona tu kwenye picha ya flashi, au mtoto wa miezi 3 hafuati chochote kwa macho, au makengeza hayaishi baada ya miezi 4, usingoje cucu aseme ataacha. Nenda hospitali wiki hiyo. Doa jeupe linaweza pia kuwa saratani ya jicho, na ikishikwa mapema inatibika.

Adui mwingine ni maambukizi anayoyapata mtoto anapopita njia ya uzazi. Mjerumani Carl Credé alionyesha karibu mwaka 1880 kwamba tone la dawa baada ya kuzaliwa linazuia upofu. Sura moja muhimu ya habari hiyo iliandikwa Kikuyu, Kiambu: watoto 3,117 waliozaliwa hospitalini walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, ulioonyesha kuwa matone ya bei nafuu ya iodini yanafanya kazi vizuri kuliko dawa zilizozoeleka. Mchubuko wa dawa unaopakwa machoni mwa mwanao dakika chache baada ya kuzaliwa una historia, na sehemu yake ni ya hapa nyumbani. Maziwa ya mama na majani ya kienyeji visiwekwe machoni.

Sasa je?

Mama aliyeajiriwa Kenya ana miezi 3 ya likizo ya uzazi na baba ana wiki 2, kwa Sheria ya Ajira ya 2007. Ihesabu kwa rula: likizo ya mama inaisha wakati ule ule mtoto ameanza kufuata vitu kwa macho na kucheka na uso anaoujua. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Waulize marafiki wako wangapi wamewahi kukiona. Na yule wa Karatina hana mwajiri wa kumpa lolote.

Kilichojaza nafasi hiyo ni simu. Inang'aa, inacheza, inanyamazisha, na mtoto hukodoa macho kweli. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya mwaka mmoja, skrini hapana. Simu haingoji mtoto aangalie pembeni apumzike, wala haijui kama amechoka. Uso unajua.

Vitu vyenyewe ni rahisi mno. Unapomnyonyesha au kumpa chupa, badilisha upande, ili kila jicho lipate zamu ya kukuona. Akiwa macho na ametulia, mlete umbali wa rula, tulia usoni mwake, kisha sogeza kichwa polepole kushoto, kulia, na umpe muda wa kukufuata. Akigeuka, mwache, amechoka. Chora duara nene kwa kalamu nyeusi kwenye kipande cha katoni. Shika kiondo chenye mistari. Mlaze chini ya mti wakati upepo unachezesha majani, jua lisimpige machoni. Baada ya miezi 2 mwonyeshe leso nyekundu. Mlaze kifudifudi kidogo kila siku ukiwa naye, umlalie mbele, macho kwa macho. Dakika chache, mara nyingi kwa siku, zinatosha. Mama wa sokoni akiinama kwenye katoni kila anapomaliza na mteja, amefanya kazi kubwa.

Katika historia hii yote kuna mtu mmoja aliyekosekana karibu kila mara. Zamani alikuwa kwenye thingira yake au shambani akikata miwa mitano. Mwaka 1922 alikuwa kwenye shamba la mlowezi, mwaka 1955 alikuwa kizuizini Manyani, baadaye akawa Nairobi akituma pesa mwisho wa mwezi. Uso wa baba haukuwa ndani ya zile sentimita 30, mara nyingine kwa mila, mara nyingine kwa bunduki. Leo hakuna mwiko wala kafyu inayomzuia. Ana siku 14 za sheria, na jioni zote baada ya hapo. Ndevu zake zinakutana na shavu kwa mstari mkali, mweusi na mwangavu, kile kile mtoto anachokitafuta. Anachohitaji ni kuosha mikono, kukaa karibu, na kuweka simu chini.